Barafu ya Upande Wetu

Kabla ya Julai 1986 sikuwa nimemwona mtu wa Butembo akitoa pesa mfukoni ili akaone baridi. Baridi tulikuwa nayo bure. Mji wetu, huku Kongo, umekaa juu, mita 1,700 na zaidi, na asubuhi za mwezi wa sita wanafunzi waliingia darasani wamejifunika vitenge vya mama zao. Basi padri mmoja wa shuleni kwetu alipotangaza kwamba likizo ikianza atapanda Ruwenzori hadi penye theluji, na kwamba anatafuta wa kuchangia naye ada ya Parki, mwongozaji na wapagazi, wenzangu katika chumba cha walimu walikumbuka ghafla kwamba wana madaftari ya kusahihisha. Mimi nilikubali. Nilikuwa kijana, nafundisha jiografia, na siku chache kabla ya hapo mwanafunzi mmoja alikuwa ameniuliza kama theluji ina harufu. Nilimjibu kwamba haina, maana ndivyo nilivyodhani, lakini swali lile lilinikaa kooni.

Si kwamba mlima ulikuwa mgeni kwetu. Jioni, mvua ikishakatika, ukisimama Beni na kutazama mashariki, kuna saa ambapo mawingu huachana na ule weupe hutokeza juu kabisa, mahali ambapo macho hayakutarajia kukuta kitu. Halafu hufunikwa tena. Wazee walisema wenye mlima wanapiga pazia. Wanande wa huku na Wakonjo wa Uganda ni watu wa ukoo mmoja, Bayira, na masimulizi ya mababu wengi huanza na kuvuka mto Semliki wakitokea upande ule. Kwa hiyo mlima ulikuwa nyuma yetu, mahali tulipotoka. Kurudi kuutembelea, tena kwa kulipa, lilikuwa jambo la Wazungu.

Nao Wazungu walikuwa na orodha yao, ambayo niliifundisha bila kukosa: Stanley aliyeona theluji mwaka 1888, luteni wake, William Stairs, aliyepanda kutoka bonde la Semliki mwezi wa sita 1889 na kugeuka kwenye mita 3,200 na kitu, Duke wa Abruzzi aliyefika kilele cha Margherita mwaka 1906, mita 5,109, na kukipa jina la malkia wa Italia, na msafara wa Wabelgiji wa 1932, wa Comte de Grunne, ulioshughulikia upande wetu wa magharibi. Niliwauliza wanafunzi tarehe hizo kwenye mitihani. Nani aliwabebea mizigo, hilo halikuwa kwenye kitabu, na wala sikuwahi kuliuliza.

Tulikuwa watu watano: padri, muuguzi wa Kibelgiji aliyekuwa akimaliza mkataba wake wa hospitali, mfanyabiashara wa kahawa aliyetaka kuona tu fedha zinaweza kumfikisha wapi, mwalimu mwenzangu wa hesabu, na mimi. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na mwaka ule zilikuwa kilomita za kushuka kwenye lori na kulisukuma. Baada ya Beni tulishika barabara ya Kasindi, tukavuka daraja la Semliki kwenye joto linalonuka nyasi, kisha tukaacha barabara kuu kuelekea Mutwanga, chini kabisa ya mlima. Mlima wenyewe hatukuuona. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa kijani na juu yake ukuta wa mawingu.

Kituo cha Parki kiko Mutsora, jirani na Mutwanga. Ruwenzori ya upande wetu iliingizwa katika Parki ya Albert mwaka 1935, miaka kumi baada ya Parki kuanzishwa; tangu 1969 jina likawa Virunga. Sheria ilikuwa moja: hakuna kupanda bila mwongozaji. Tuliandika majina kwenye daftari kubwa, tukalipa, tukapewa karatasi yenye muhuri, halafu tukaonyeshwa mzee mfupi, mwenye koti la jeshi lililokatwa mikono, aliyekaa juu ya gogo akichonga fimbo. Fimbo zilikuwa zetu. Alikuwa ameshatutazama urefu tulipokuwa tunashuka garini.

Akatupeleka sokoni mwenyewe. Desturi ilikuwa kwamba mgeni ndiye anayewalisha mwongozaji na wapagazi, na mzee alijua hesabu yake bila kalamu: unga wa muhogo, maharage, mawese, makayabo, samaki wakavu wa Kyavinyonge, chumvi, na sigara, pakiti kadhaa kwa kila mpagazi. Padri alitaka kupunguza sigara. Mzee akamtazama kwa upole. "Padiri," alisema, "kule juu mutu anaweza kulala bila kula. Bila moshi hapana." Padri akapunguza hata hivyo, na jambo hilo tutalirudia.

Jioni ile, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba ya wageni, muuguzi aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: je, tutaona barafu? Mzee hakujibu haraka. Alimaliza kufunga mzigo aliokuwa akiufunga. "Miye nitabafikisha," akasema. "Kuona, ile ni kazi ya mulima."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi hivi karibuni, kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye anaishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, alikofikishwa na njia ndefu ya ukimbizi. Majira ya baridi yaliyopita alinitumia video ya nuru ya kaskazini: utepe wa kijani unaochezacheza juu ya milima myeupe. Chembe zinazotoka kwenye jua hugonga hewa, huko juu zaidi ya kilomita mia moja, na oksijeni ndiyo inayotoa rangi ile ya kijani. Alilipia kiti katika basi dogo, watu wanane na mwongozaji, wakazunguka usiku kucha wakitafuta pengo katika mawingu hadi karibu na mpaka wa Finland. Kampuni iliahidi kwamba usipoona kitu, utapewa safari nyingine kwa nusu bei. Mpwa wangu aliona hiyo ni haki ya mteja. Mimi nilimwambia kwamba mzee wetu wa Mutsora angelicheka mpaka fimbo imdondoke. Angemlipa nani, kwa niaba ya nani?

Njia yenyewe nitaipita upesi, maana taabu za kupanda mlima zinafanana na kila mtu huzikuza zake. Kwanza migomba na kahawa, halafu majani marefu yanayokata mikono, halafu msitu. Kibanda cha kwanza ni Kalonge, mita 2,100 na kitu. Kutoka pale ni mianzi, kisha miti ile ya ajabu ambayo kwingine jamii yake ni vichaka vidogo tu, lakini huku imekuwa mirefu kuliko nyumba, imefunikwa kuvumwani nene na kuning'iniza ndevu za kijivu. Kibanda cha pili, Mahangu, kiko kwenye mita 3,300. Mwalimu wa hesabu alihesabu mizizi aliyoikanyaga mpaka akachoka. Hakuna ardhi pale: unakanyaga mzizi juu ya mzizi, na katikati kuna tope linaloweza kumeza mguu mpaka pajani. Mzee alitembea kwa kuweka unyayo ubavu, kwa upande, bila kuutupa uzito mpaka ajue mzizi umemkubali. Hakuteleza hata mara moja, naye alivaa buti za mpira zilizopasuka.

Jambo moja nataka kulieleza kwa utulivu, kwa kuwa sijalisoma popote. Kule juu kila kitu kimelowa, kuni pia. Mzee alichagua tawi lililokufa likiwa bado limesimama mtini, kamwe si lililoanguka. Aliligonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Likilia kwa sauti kavu, alilikata, akalimenya gamba, akaendelea kulichonga hadi akafika kwenye moyo mwekundu wa mti. Kutoka pale alichonga nyuzi ndefu zisizokatika, zikabaki zimeshikana kwenye kijiti, akatengeneza vijiti vitatu vya namna hiyo na kuviegemeza pamoja. Chini yake aliweka kipande cha utomvu mkavu alichokitoa kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya sigara. Kiberiti kimoja. Mfanyabiashara wa kahawa, aliyekuwa amebeba jiko la gesi la kununua Nairobi, alilirudisha kwenye mkoba wake kimyakimya, kwani lilikuwa limekataa kuwaka tangu Mahangu.

Kibanda cha Kiondo kiko kwenye mita 4,300. Tulifika mvua ikinyesha na ikaendelea kunyesha. Kichwa kiliniuma kwa namna ambayo sikuijua, kana kwamba kofia imenibana na sikuwa nimevaa kofia. Nje ya mlango kulikuwa na mimea mikubwa yenye kichwa cha kabichi juu ya shina la mti, ikisimama kwenye ukungu kama watu wanaosubiri kitu. Chini mahali fulani kulikuwa na ziwa jeusi ambalo ukungu uliliacha kwa dakika moja na kulichukua tena. Theluji, hakuna. Kulipokucha, mvua. Kulipokuchwa, mvua.

Tulisubiri kupita siku tulizopanga. Ndipo kundi dogo linapojulikana. Muuguzi alitaka kushuka; mkataba wake ulikuwa unaisha na ndege haingemngoja. Mfanyabiashara alikuwa tayari kuongeza fedha, na alilitamka hilo mara nyingi, kana kwamba kulikuwa na mtu pale wa kuzipokea. Sigara za wapagazi zilikwisha. Mmoja wao, kijana mwenye sauti nzito, alimwambia padri mbele yetu sote kwamba alishamwambia. Padri aliahidi kwamba tukifika Butembo atamtumia pakiti kumi. Aliandika ahadi hiyo kwenye daftari lake, na kijana akadai aione ikiwa imeandikwa.

Mzee yeye hakushughulika na maneno hayo. Usiku alikuwa akiacha beseni la bati nje, lina maji kidogo. Kila baada ya muda alitoka, akayagusa maji kwa kidole, akarudi kulala. Mwanzo nilidhani ni tambiko. Nilipomwuliza, alishangaa kwamba mwalimu hajui. Mawingu ni blanketi, alisema. Yakiwepo maji hayagandi. Siku utakayoona kioo juu ya beseni, ujue blanketi limeondolewa. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo hilo darasani, kuhusu joto la ardhi linavyopotea usiku wa anga wazi, kwa maneno ya Kifaransa yaliyojaa ubao, na sikulitambua lilipokuja kwa beseni.

Akatugongea alfajiri moja, karibu saa tisa za usiku. "Mwalimu, amuka. Iko wazi." Alikuwa ameshika kipande cha barafu cha ukubwa wa sahani, amekitoa kwenye beseni kuwa ushahidi.

Tulipanda kwa tochi kuelekea Wasuwameso, kilele kidogo cha mita 4,462 juu ya kibanda. Miamba ilikuwa imefunikwa umande ulioganda, kila hatua ikilia. Tulipofika mahali penye bega la mlima mzee alisimama na kusema tuzime tochi. Nakumbuka nilikasirika, maana sikuona pa kukanyaga. Kisha macho yakazoea, na nikatambua kwamba naona kivuli changu mwenyewe, cheusi kabisa, kimelala mbele yangu.

Mwezi ulikuwa umejaa, uko nyuma yetu, upande wa Kongo, unaelekea kutua. Yaani ulikuwa unauangazia uso wa magharibi wa mlima moja kwa moja, uso ambao jua la asubuhi huwa haliufikii. Mbele yetu, ng'ambo ya bonde, ulisimama mlima Stanley wote mzima.

Rangi yake haikuwa nyeupe. Nimesikia watu wakisema theluji nyeupe, na mchana labda ni kweli, lakini kwa mwezi ule barafu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na kwenye nyufa zake ilikuwa samawati inayotoka ndani, haitoki juu. Chini ya barafu miamba ilikuwa myeusi mno hata barafu ilionekana imening'inia, haikushikwa na kitu. Ilitoa sauti pia. Tulikuwa mbali, lakini mara mbili tatu tulisikia mlio mkavu, halafu mngurumo mfupi. "Inajigeuza," alisema mzee. Nilipogeuka kutazama nyuma, niliona mawingu yote yaliyotutesa yamelala chini yetu mpaka mwisho wa macho, na mbali sana, juu ya msitu wa Ituri, radi inapiga bila ngurumo, inawasha wingu moja na kuliacha, inawasha jingine.

Mwalimu wa hesabu alisema tu, "Kumbe ni kubwa." Padri alihangaika na kamera na miguu yake mitatu. Mfanyabiashara alikaa chini kwenye baridi ile na hakutamka bei ya kitu chochote. Wapagazi hawakulazimika kuja, lakini walikuja wote. Yule kijana wa sigara, mzaliwa wa Mutwanga, aliyekwisha kubeba mizigo mingi hadi Kiondo, aliniambia kwamba barafu yote kwa pamoja hivyo, bila kitambaa, alikuwa hajawahi kuiona.

Kulipokucha, jua lilitokea nyuma ya mlima, upande wa Uganda. Ukingo wa vilele ukawaka, na uso wetu ukazimika, ukawa wa kijivu. Nuru ya mwezi ilikuwa yetu, ya jua ilikuwa yao. Muda si mrefu ukungu ukaanza kupanda kutoka bonde la Butahu, ukala ziwa, ukala mimea yenye vichwa, ukatufikia miguuni. Hatukwenda kukanyaga barafu yenyewe. Hatukuwa na kamba wala viatu vya meno, na mzee hakuwa mtu wa kubembelezwa. Lakini penye kivuli cha mwamba kulikuwa na theluji ya usiku, kiganja tu. Niliinusa. Haina harufu, ila inachoma pua. Septemba nilimpelekea mwanafunzi wangu jibu hilo.

Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori, pande zote mbili za mpaka, ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5. Miaka ile tuliyopanda sisi zilikuwa zimebaki kama 2. Kufikia 2003 zilishuka chini ya 1. Wataalamu hubishana ni kiasi gani cha lawama ni joto na kiasi gani ni ukavu wa hewa na uchache wa mawingu, lakini hakuna anayebisha kwamba inakwisha. Mawingu ambayo tuliyalaani pale Kiondo, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanaikinga barafu na jua.

Njia yetu nayo ilifungwa muda mrefu kabla barafu haijaisha. Miaka michache baada ya safari ile waasi wa Uganda, wa NALU, walijichimbia katika mlima huo huo, na kutoka kwao na wengine likaja kundi la ADF. Virunga iliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Parki ilijaribu kuifungua njia ya Mutsora baada ya 2010, wageni wachache wakapanda, kisha vita vikarudi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni tunazika kwa namna ambayo sitaisimulia katika makala ya kutembelea mlima. Walinzi wa Parki nzima waliouawa kwa miaka yote hii ni zaidi ya 200. Mzee wetu hakuwa mmoja wao. Alikufa kitandani, nikaambiwa baada ya mazishi. Cha kushukuru ni kwamba maji yanayoshuka kutoka mlimani sasa yanazungusha mitambo ya umeme ya Parki pale Mutwanga, tangu 2013, na watoto wanasomea taa mahali ambapo sisi tulifunga mizigo kwa koroboi.

Kinachonikera ni kitu kingine. Ukitafuta leo picha za Ruwenzori, karibu zote zimepigwa kutoka Uganda, kwa kuwa huko ndiko wapandaji wanakokwenda. Juzi kijana wa chuo kikuu hapa Butembo, msomi kabisa, aliniambia mbele ya watu kwamba barafu ni ya Waganda, sisi tuna msitu. Nilimweleza kwamba mpaka unapita juu ya mlima Stanley, kwamba kilele cha Albert kiko upande wetu. Akaomba picha. Filamu ya padri ilipooshwa, zile za usiku zilitoka nyeusi, na za mchana zilionyesha ukungu na viatu vyetu.

Ndiyo maana nimeanza kwenda Mutwanga kila usalama unaporuhusu, na daftari, kuwatafuta wapagazi waliobaki. Nataka waseme njia ilipita wapi, maji yalichotwa wapi, barafu ilishuka mpaka mwamba gani mwaka gani. Wawili wamenisimulia vizuri, mmoja hata amechora. Wa tatu ni yule kijana mwenye sauti nzito, ambaye sasa ana wajukuu. Alinikaribisha, akanipa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hatafungua mdomo kuhusu mlima mpaka zipatikane pakiti kumi za sigara. Padri alisharudi kwao na alishafariki, nikamwambia. Akajibu kwamba mwalimu aliona ikiandikwa. Wiki ijayo nitampelekea, ingawa daktari wake amemkataza.